Ng'ombe wa Barafu Kati ya Kijiji na Kambi

Ninyi wenzangu mliokwenda shule na ufagio mkononi na kuni kichwani, nani kati yenu ameisahau baridi ya vilima vya Ngara? Enzi zetu tulitembea asubuhi mvuke ukitutoka midomoni, tukijifanya tunavuta sigara kama wazee, miguu peku imepasuka kwa umande. Sweta moja ilivaliwa na watoto watatu kwa zamu. Watoto wa siku hizi upepo ukivuma kidogo tu wanadai jaketi lenye kofia!

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi waliovuka mpaka wakikimbia vita. Ng'ambo ya bonde letu, mahali tulipochungia mbuzi, paliota mahema ya plastiki hadi macho yanapokomea. Kihangaza chetu na lugha yao ni kama mtu na ndugu yake, kwa hiyo sisi watoto tulielewana upesi. Wazazi ndio walioshindwa. Wakimbizi walihitaji kuni za kupikia, na mikaratusi ya baba ikaanza kupungua mmoja mmoja. Mama alituonya mimi na kaka yangu Feliki: "Nitakayemwona na watu wa kambini, siku hiyo atalala na njaa."

Basi alasiri moja ya masika mbingu ikawa nyeusi, ikashuka mvua ya mawe, ile tunayoiita urubura, ambayo mfano wake sijauona tena. Ilipiga bati la shule hata mwalimu akaweka chaki chini, akakaa. Ilipokoma tulitoka mbio, kisha tukasimama ghafla mlangoni. Kiwanja cha mpira, kilichokuwa kati ya shule na kambi, kilikuwa cheupe pee, barafu inafika vifundoni! Baridi ilitung'ata masikio, lakini nani alijali? Tuliitafuna, tukarushiana, tukatumbukiziana migongoni. Upande wa pili watoto wa kambini nao wakawa wanamiminika kwa vifijo.

Konsolata, msichana wa kambini wa rika langu, alitupigia kelele: "Sisi tunafinyanga ng'ombe! Ninyi mnaweza?"

"Wetu atamshinda wenu kwa pembe!" Feliki akajibu.

Yakawa mashindano. Tulizoa barafu kwa ndoo, kwa makarai, kwa sketi zetu za shule, vidole vikafa ganzi. Wetu tulimsimamisha kwa miguu minne, akaanguka kifudifudi, watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Wao walikuwa werevu, walimlaza kama ng'ombe anayecheua. Lakini barafu ilikuwa inaisha, na wa kwao alikuwa amekonda, hana hata mgongo.

"Leteni hiyo yenu tumnenepeshe," Konsolata akasema. "Awe wetu sote."

Feliki alinuna kidogo. Kisha akawa wa kwanza kubeba karai.

Tulikuwa tunamchomeka pembe za matawi nilipomwona mama anakuja na fimbo. Alikuwa ametoka shambani. Maharage yote yalikuwa yamelala chini, mahindi yamevunjika viunoni. Nilitamani ardhi inimeze. Mama yake Konsolata alikuwa amechutama pale, akimfinyangia ng'ombe kiwele. Aliinua macho, akamsalimu mama kwa upole. Mama akakinyoshea fimbo kile kiwele.

"Hicho ni cha mbuzi," akasema.

"Basi nionyeshe cha ng'ombe, dada."

Mama akaitupa fimbo, akapiga magoti kwenye barafu. Punde nikawasikia wote wawili wakicheka na kupuliza viganja kwa baridi.

"Mahindi yaliyovunjika hayangoji kesho," mama akatangaza. "Feliki, nenda kayalete!"

Yakaja mahindi ya kwetu, ya majirani, na ndizi zilizoangushwa. Moto ukawashwa pembeni, harufu ya mahindi ya kuchoma ikajaa kiwanja. Ngoma ikatoka kambini, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikatoka kijijini. Wanawake walicheza wakimzunguka ng'ombe, mikono juu kama pembe, na mwalimu wetu mkali akaingia katikati, akateleza, akainuka akiendelea kucheza! Msimu mzima wa chakula ulikuwa umepotea, lakini sijapata kuona watu wakila kwa furaha vile. Jua lilipoinama ng'ombe alikuwa dimbwi tu la maji, na watoto wadogo wakalia kama wamefiwa.

Njaa ya mwaka ule tuliionja, ila hatukuionja peke yetu. Mama Konsolata alikuwa akileta kikombe cha unga wa mgawo, na mama hakuulizia tena miti. Baadaye malori yaliwarudisha kwao. Konsolata alipunga mkono hadi kwenye kona, na sijui alipo.

Mwaka jana mvua ya mawe ilinyesha tena. Nilitoka uani nikiwa na furaha ya kitoto, nikakuta niko peke yangu. Vijana walikuwa ndani wakiipiga picha dirishani. Simu yangu ikalia. Ilikuwa ni jirani, anauliza kama na kwetu imenyesha. Nyumba zetu zinatazamana.