Ufunguo wa Friji ya Vitamini

Tulikuwa tumechoka, jamani. Miaka minne shirikisho letu la riadha lilikuwa limefungiwa na dunia kwa sababu ya dawa za kuongeza nguvu, na miaka yote hiyo mimi dereva nilikuwa nikiosha basi lisilokwenda popote. Lakini aliyechoka kuliko wote ni mtunza stoo wetu. Tulimwita Mama Funguo, maana kicha cha funguo hakikumtoka kiunoni. Ulimsikia anakuja kabla hujamwona.

Alitunza jezi, viatu, na friji ndogo yenye chupa za daktari wa timu. Neno dawa halikutamkwa hata siku moja. "Dada, nifungulie nichukue vitamini." Naye anafungua, miaka sita mfululizo kabla ya kufungiwa.

Bintiye alikuwa mkimbiaji, tena safi kabisa, ila adhabu haikuchagua. Sasa ana miaka thelathini na mbili, magoti yanamsumbua, na anataka mashindano ya dunia mara moja tu kabla hajatundika viatu.

Jumatatu wakaguzi wa shirikisho la dunia wakaja na sharti la mwisho: aliyejua ajitokeze mwenyewe na aondoke kazini, la sivyo mwaka mwingine kifungoni. Daktari alishatimuliwa zamani, basi tukamtwisha yeye kila kitu. Eti hatukujua! Vitamini bwana! Hata mimi nilitikisa kichwa, na naona aibu kusema.

Mama Funguo akainuka, funguo zikalia.

"Mimi nilijua," akasema. "Mwaka wa pili binti yangu alikuwa hoi kwa mazoezi. Nikamwomba daktari vitamini kidogo nimpelekee. Akanishika mkono: 'Mama, usithubutu! Hizi si za mtoto wako.' Siku hiyo nikajua. Nikafunga mdomo, nikaendelea kufungua friji."

Akaweka funguo mezani mmoja mmoja, akiutaja kila mmoja: wa stoo, wa kabati la jezi, wa friji. Kisha akaenda kuchukua mkoba wake.

Wiki mbili baadaye tukarudishwa. Nikampeleka binti uwanja wa ndege kwa basi lile lile, mama yake kakaa nyuma.

"Dada, leo umeninyatia," nikamtania. "Sijakusikia ukipanda."

Binti akamgeukia mama yake.

"Mama, mimi ulinikinga. Na yule mwenzangu wa chumbani kambini, aliyeharibika figo?"

"Yule nilimfungulia friji, mwanangu."

Tulipofika, binti akabeba begi lake mwenyewe, akaingia ndani bila kuangalia nyuma.

Nikabaki nimeshika usukani. Boksi za vitamini zilikuwa zinakuja kila mwezi kwa ndege, na aliyezifuata hapo hapo uwanjani, akazipakia kwenye basi hili, ni mimi. Mama Funguo ndiye aliyekuwa akizipokea mikononi mwangu. Hakunitaja, na kesho asubuhi naingia kazini kama kawaida.