Kovu la Miyenzi

"Dawa hii inatoka kwa muti ao kwa munyama?"

Ndivyo Papa alivyoniuliza, na mimi, wa kwanza darasani, mtoto ambaye wageni wakifika nyumbani aliitwa awasomee chochote chenye maandishi (hata karatasi ya kufungia sabuni), sikuwa na jibu. Nakiri mapema kwamba aibu yote nitakayosimulia ilianzia hapo, na si aibu ndogo: nimewahi kukimbiwa na kanisa zima, padri akiwa kati yao, mchana kweupe, nikiwa nimevaa nguo yangu ya Pasaka.

Ilikuwa Kirolirwe, miaka ya hamsini, mwaka ule ndui ilipopanda milima yetu. Shule ya misheni ikafungwa na watu wa kila kilima wakaamriwa wabaki kwao. Mwalimu wetu, Mwalimu Tadeo, alikuwa akitutayarisha kwa mtihani wa kuingia shule ya masista, ambako wasichana wa misheni yetu walipewa nafasi mbili tu kwa mwaka, na msichana aliyezikosa alirudi kwao kukamua ng'ombe na kungoja mahari. Mwalimu hakukubali kukaa bure. Kila asubuhi alisimama ng'ambo ya kijito, sisi tukakaa ng'ambo hii na vibao vyetu, akatusomea imla ya Kifaransa kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe. Upepo ulikula mwisho wa kila neno, kwa hiyo tulijifunza Kifaransa kisicho na mikia. Hesabu ilikuwa nafuu: tuliinua vibao juu, yeye akakunja macho na kuuliza, "Verediana, ile iko saba ao moja?"

Kisha zikaja habari kwamba infirmiye, yaani muuguzi wa misheni, angepita kila kilima kuchanja watu. Papa hakuwa mtu mbishi (au tuseme alikuwa mbishi kama mimi, maana tabia hii sikuiokota njiani). Ng'ombe wake hakumpa jani lolote bila kujua lilichumwa wapi na nani, na hakuona kwa nini binti yake apewe heshima ndogo kuliko ng'ombe. Akanituma nimuulize mwalimu. Nikalipaza swali juu ya maji, Mwalimu Tadeo akajibu kwamba dawa inatoka Ulaya. Nikampelekea Papa jibu lile nikijiona nimemaliza kazi.

"Ulaya iko muti ao munyama?" akauliza.

Nikarudia kwamba ni Ulaya.

"Basi siku utajua, utaniambia. Leo hapana."

Asubuhi ya chanjo akaniingiza kwenye kizizi cha ndama. Nililala juu ya nyasi kavu katikati ya ndama saba, mmoja akinilamba sikio muda wote, huku nje watoto wa kilima wakilia mmoja baada ya mwingine. Nilitamani kutoka, si kwa ajili ya afya yangu, bali nione tu sindano ile ina umbo gani na dawa ina rangi gani. Sikutoka.

Ndui ikatulia. Ikatangazwa kwamba Jumatatu shule ingefunguliwa, lakini kwa mwenye kovu la chanjo peke yake, na kwamba Jumapili, baada ya misa, infirmiye angekagua mikono ya wanafunzi mbele ya wazazi wote. Dawa ilikuwa imemwishia na nyingine ingechelewa. Mtihani wa masista ulikuwa baada ya wiki sita. Bila kovu, hakuna darasa; bila darasa, hakuna mtihani.

Nikaenda kwa Yozefina, rafiki yangu, mtoto wa watu wanaolima maharage kwenye mteremko wa chini, nikamwomba anionyeshe kovu lake. Lilikuwa duara dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Nililitazama mpaka akachoka kunishikia mkono. Nikajiuliza: hivi ugonjwa unasoma kovu, au ni infirmiye anayelisoma? Kama ni infirmiye, basi kinachotakiwa ni kitu cha kumpa asome. (Leo ningempa sufuri mwanafunzi anayefikiri hivyo. Siku ile nilijiona mwanasayansi.)

Sasa, ua wa zizi letu, kama ua wa zizi lolote la kwetu, ulikuwa wa miyenzi, ile miti yenye vijiti vya kijani visivyo na majani ya maana, ukikivunja kijiti kinatoa utomvu mweupe kama maziwa. Kila mchungaji anajua kwamba utomvu ule unachoma ngozi. Ijumaa mchana nikaenda nyuma ya zizi, nikavunja kijiti, nikaweka tone moja begani na kungoja. Nikangoja mpaka ng'ombe wakashuka kunywa maji. Hakuna kitu. Nikaongeza tone la pili. Nikaongeza la tatu, na kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kuona matokeo, nikasugua ili liingie vizuri, halafu kwa mkono uleule, kwa kuwa jua lilikuwa kali, nikajifuta jasho usoni.

Jumamosi bega liliwaka. Jumapili asubuhi nilikuwa na malengelenge kumi na moja begani, manne shavuni, na moja juu ya nyusi, limejaa maji. Nikajifunga kitambaa mpaka kwenye macho. Mama aliniuliza kitambaa cha nini nikasema baridi, na kwa kuwa alikuwa akipakia vyombo vya maziwa, hakurudia swali.

Misa ikaisha. Tukapanga mstari mbele ya altare, wazazi wamejaa kwenye mabenchi, infirmiye akipita na kusema "nzuri, nzuri, nzuri" kila mkono. Alipofika kwangu nikafunua bega. Akalitazama. Akaniambia nivue kitambaa. Nikavua. Akarudi nyuma hatua tatu, akamgeukia padri na kumwambia neno kwa sauti ya chini, neno ambalo mimi sikulisikia lakini benchi la kwanza lililisikia vizuri sana.

Kilichofuata nitakisema kilivyokuwa. Watu walikimbia, na mimi, nilipoona watu wote wanakimbia, nilidhani kuna nyoka kanisani, nikakimbia pia. Nilitokea mlango uleule waliotokea wao. Kila nilipokaza mwendo, wao walikaza zaidi, na mimi nikazidi kuamini kwamba kitu tunachokikimbia ni kibaya sana. Nilimpita mama mmoja mnene, akapiga magoti na kuanza kusali. Nilimpita padri. Ni Yozefina aliyegeuka, tayari yuko juu ya ukuta wa misheni, akaniita, "Verediana, simama! Tunakukimbia wewe!"

Nikasimama. Uwanja mzima ukasimama mbali nami.

Wakanifungia kwenye karakana ya seremala, peke yangu na harufu ya mbao. Kesho yake shule haikufunguliwa. Kupitia ufa wa ubao nilimwona Papa akirudi na vyombo vyake kutoka kwenye kiwanda cha maziwa. Kiwandani walikuwa wamemkataza kukaribia, kwa hofu ya ndui. Akavimwaga kimoja kimoja pembeni mwa njia, taratibu, na maziwa yakashuka mtaroni mbele ya watu wote. Ningependa kusema nilikiri palepale. Sikukiri. Nilikaa nikifikiri kwamba malengelenge yakikauka haraka yataacha makovu, na huenda moja likawa duara.

Alasiri akaja Mwalimu Tadeo, akasimama ng'ambo ya uwanja kama ng'ambo ya kijito. Akasema masista hawatatungoja, kwamba shule ikifungwa tena mwezi mzima hakuna msichana wa misheni atakayefanya mtihani, na kwamba Yozefina analia tangu asubuhi. Hakunilaumu hata kidogo, na ndicho kilichonishinda. Nikasema, mdomo kwenye ufa, kwamba si ndui.

"Sisikii," akasema. "Rudia kwa nguvu, kama kwa imla."

Nikarudia kwa nguvu, na mikia yote ya maneno: "Si ndui! Nilijipakaa miyenzi!" Alisikia yeye, akasikia padri, wakasikia mafundi, akasikia na Papa, aliyekuwa bado njiani na vyombo vitupu.

Infirmiye hakuamini. Alikuwa mtu wa kutaka kuona (tungepatana sana siku nyingine). Akaagiza kijiti cha miyenzi, akajitia tone mkononi mwake, akakaa nalo juani, na kesho yake asubuhi alikuwa na lengelenge zuri kushinda yangu yote. Akafungua karakana mwenyewe. Alipopita sokoni kuonyesha ushahidi wake, soko nalo likakimbia.

Shule ikafunguliwa, bila mimi. Sheria ilikuwa kovu, na la kwangu halikuwa kovu. Yozefina alifanya mtihani akashinda, na siku ya kuondoka alinikumbatia akaniambia, "Kwaheri, ndui ya viatu," yaani ndui iliyovaa viatu ikafukuza watu, jina ambalo kilima kizima kiliniita mwaka mzima niliobaki nikikamua. Dawa ilipofika tena, Papa alinipeleka mwenyewe, akatoa mkono wake kwanza. Alimuuliza infirmiye swali lilelile, infirmiye akamjibu Ulaya. Papa akanitazama. "Utaniulizia kule mbele," akasema.

Mwaka uliofuata nilifanya mtihani nikashinda. Tangu siku ile ya miyenzi naweka tone moja tu la kitu chochote nisichokijua, na nangoja mpaka kesho yake.

Miaka mingi baadaye, chuo kikuu, ambapo wasichana darasani tulikuwa watatu, niliinua mkono nikamuuliza profesa swali la Papa. Akachora ubaoni mnyama amelala kwa ubavu, tumbo limenyolewa, akaeleza jinsi dawa ilivyopandwa kwenye mikwaruzo ya ngozi yake, ikakomaa siku chache, kisha ikakwanguliwa na kutiwa kwenye vichupa. Jioni nikamwandikia Papa barua ya mstari mmoja, ambayo Yozefina, mwalimu wa Kirolirwe wakati huo, alimsomea mlangoni pa kizizi:

"Papa, inatoka kwa munyama, kwa ndama."