Fimbo za Masère na Miguu ya Mama

Nilijiunga na mazoezi ya fimbo ili nikwepe ngoma. Kikundi cha parokia yetu hapa Bigo, mtaani Bunia, hucheza kila Jumamosi, nami nina miguu mizito. Hata watoto wa katekisimu walishanichoka. Ndipo akaja mtawa mmoja wa kike, Mfilipino, masère kama tuwaitavyo hapa, mfupi na mpole, akaanza kufundisha mchezo wa kupigana wa kwao, uitwao eskrima. Fimbo za kwao hazipatikani Bunia, kwa hiyo tulipigana kwa mipini ya fagio.

Nilidhani nimeokoka. Somo la kwanza, masère akapiga makofi, akaimba, akatuzungusha kwa miguu tu. Alisema wazee wa kwao husimulia kwamba walipokatazwa silaha, mapigo waliyaficha ndani ya ngoma. Nilikimbia ngoma, nikaikuta inanisubiri na mpini wa fagio.

Nyumbani hapakuwa na mzaha. Dada yangu alikuwa karibu kuolewa, na kwetu mama humtoa bibi arusi nyumbani akicheza mbele yake. Mama alikataa. Tangu vita vilipotukimbiza kutoka kijijini kwetu, Djugu, hakuwahi kucheza. "Miguu yangu ilibakia kule," alisema, na mazungumzo yakaisha. Dada alilia jikoni. Mimi niliogopa kwamba yule mama aliyeongoza ngoma zote za kijiji tumempoteza kabisa.

Alasiri moja masère alipita kwetu kunirekebisha hatua. Mama alikuwa kando anachambua sombe, majani ya muhogo, akijifanya haoni.

"Mama, huyu njo mwanafunzi wangu mubaya kuliko wote," masère akanishitaki.

"Njo vile alizaliwa," mama akajibu.

Niliruka, nikajikwaa kwenye fimbo yangu mwenyewe. Mama akaweka beseni chini. "Leta ile kitu. Weye iko unakanyaga kama unaua mende." Nikampa fimbo.

Masère akagusa paji la uso kwa fimbo, kama afanyavyo kila mara, kuwasalimu waliomfundisha. Mama akamtazama. Kisha akainama, akagusa udongo kwa kiganja. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiwasalimu marehemu wetu kabla ya kila ngoma, na sikuwa nimeiona salamu hiyo tangu Djugu. Wakaanza. Masère akipiga, mama akikwepa kwa kiuno tu, nami sikujua tena nani anapigana na nani anacheza. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, nikasingizia moshi.

Mama akarudisha fimbo, akihema. "Ndoa iko siku gani?"

Alijua. Tulimwambia kila siku.

"Samedi, mama," nikajibu. Jumamosi.

"Basi weye utakaa nyuma kabisa," akasema. "Usituharibie ngoma."