Asumini ya Mama Mkwe

Mwanangu, hebu liweke chini hilo kopo. Ukiinama hivyo juu ya chungu, nakumbuka siku niliyolitoboa debe la mama mkwe wangu, nami ni bibi arusi hata hina haijanitoka miguuni.

Tulikaa Tabora mjini, enzi za Mwingereza. Mama mkwe alipanda asumini ndani ya debe, kando ya dirisha la barazani. Kijiti chake alikitoa Ujiji, kwenye nyumba ya marehemu mama yake, na nyumba yenyewe ilikwisha bomoka. Hakuwa na kingine cha kumkumbukia. Alipokwenda Bukene kumuuguza dada yake, alituachia mimi na wifi yangu. "Ikinifia hii," alisema, "sijui nitawatazamaje."

Wifi yangu alikuwa mwema, ila pupa ilimzidi. Kila akipita, kopo la maji. Majani yakawa manjano, yakalegea. "Ina kiu," akasema, akaongeza. Mimi binti wa Kaliua nimekulia kwenye vitalu vya tumbaku vya baba. Nikachomeka kidole udongoni. Tope tupu, linanuka. Maji yamezidi unga! Nikachukua msumari na jiwe, nikalitoboa debe chini, nikaliinua juu ya matofali, nikakataza mtu kutia hata tone.

"Umetoboa debe la mama! Na maji unainyima!" Wifi alilia kweli kweli. Majirani wakasema bibi arusi ana mkono wa birika. Niliogopa, mwanangu. Kurudishwa Kaliua kwa ajili ya ua! Lakini msumari sikuujutia, na mpaka leo siujutii.

Mama mkwe aliporudi, wifi alimpokea stesheni, akamweleza yote njiani. Nikapiga goti mlangoni.

"Shikamoo, mama."

Akanipita, akatua mzigo mbele ya debe, akachomeka kidole. Akapapasa matundu. Kisha akaona chipukizi bichi kwenye shina, akakaa chini sakafuni.

"Siku nyingine usitoboe vyombo vyangu bila kunitumia habari," akasema. Nikaitikia. Ndipo akanigeukia, machozi yanamlenga. "Marahaba, mwanangu."

Kabla ya siku ile hakuwahi kuniita hivyo.

Asumini unayotaka kuinywesha ni kijiti cha ile ile, ndiyo maana naringa nayo. Basi shika haya: kidole kwanza, maji baadaye. Udongo ukikauka mpaka ndani, nywesha hadi maji yatoke chini, kisha iache ipumue. Jani likilegea usikimbilie kopo, uulize udongo. Na watu nao ni vivyo hivyo: usimmiminie mtu wema wako kabla hujajua anahitaji nini. Na ukishajua, usiwaogope majirani.

Mungu akujalie mkono wa kuotesha, mwanangu, na kila mlango utakaopigia goti, upate wa kukuitikia.