Rele Mbili za Fadhili

Fortunée aliuza vipuri vya umeme wa magari katika soko kuu la Kisangani kwa miaka saba kabla ya kushika koleo kwa kazi. Balbu, fyuzi, waya na swichi za taa alivipanga juu ya meza ya mbao chini ya turubai. Kila alichouza alikitia nukta ya verni nyekundu ya kucha, maana wateja walikuwa na tabia ya kurudisha kitu kilichoungua cha mtu mwingine na kuapa kwamba walikinunua kwake. Alizaliwa Isangi, kwa watu wa mtoni, akaolewa na Fadhili, shofere wa lori, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Kindu. Wakwe hawakuipenda ndoa hiyo. Walimvumilia tu.

Lori la Fadhili lilikuwa na taa za mbele zilizofifia, manjano kama mafuta ya mawese. Kwenye njia ya Buta, ambako mashimo humeza gurudumu zima na msitu huleta giza kabla ya saa yake, taa kama zile ni hatari. Fundi wake alikuwa Ruphin, mwenye garaji kubwa kule Mangobo. Ruphin alimweleza sababu, na katika hilo alisema kweli: umeme ulitoka kwenye betri ukazunguka hadi swichi ya usukani, kisha ukarudi mbele kwa waya mwembamba, na ulipofika kwenye balbu ulikuwa umekwisha nguvu. Dawa yake ilikuwa rele, kisanduku kidogo chenye miguu minne. Waya wa zamani unabaki na kazi ya kutoa amri tu. Rele ikipata amri, inafungua njia fupi, na umeme unatoka betri moja kwa moja hadi kwenye taa kwa waya mnene.

Fortunée ndiye aliyechagua vifaa. Rele mbili za volti ishirini na nne, moja ya taa kali na moja ya taa ya chini. Fyuzi nne, ili kila upande uwe na zake. Waya mnene, na pete za mpira za kulinda waya unapopita kwenye matundu ya chuma. Kwa kuwa vilikuwa vya mume wake, kwenye rele hakuweka nukta. Aliandika F kwa verni ileile, kwa mkono wake, taratibu, na Ruphin akaja kuvichukua mwenyewe. Baada ya siku mbili Fadhili alisimamisha lori mbele ya nyumba, akawasha taa, na ukuta wa jirani ukawa mweupe kama shuka. Alicheka sana jioni ile.

Wiki ya tatu akafa. Alikuwa anateremka kuelekea daraja la mbao, mbali baada ya Masako, gari limejaa mchele, na taa zote mbili zikazimika kwa pamoja. Lori liliacha mbao likaingia mtoni. Mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa amepanda mbele alitoka hai, akasema hivyohivyo kwa yeyote aliyemuuliza: giza lilikuja mara moja, kama mtu amefunika macho yao kwa kitambaa.

Lakini Ruphin alifika matangani kabla ya mama yule. Aliketi kati ya wanaume, akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema alimwona Fadhili siku ile ya safari akitoka kunywa, na kwamba taa alizozifunga yeye zilikuwa sawa kabisa. Fadhili hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Ila ukoo wa Fortunée kule Isangi ulijulikana kwa kupika lotoko, pombe kali ya kienyeji, na maneno ya Ruphin yakapata pa kukaa. Mama mkwe, Mama Zaina, alimwambia Fortunée achukue nguo zake aondoke. Alisema mwanawe alikwenda mbele ya Mungu akiwa amelewa, na kwamba ulevi ule uliingia nyumbani pamoja na mke.

Fortunée alifunga nguo zake akaondoka. Hakulia, na watu wakalisema hilo vibaya.

Miezi mitano baadaye lori lilivutwa kutoka mtoni na kutupwa katika uwanja wa mabati chakavu, Kabondo. Alikwenda peke yake, mchana, akafungua boneti. Aliona rele moja tu, yenye F. Aliona fyuzi moja tu, imepasuka. Waya ulikuwa mwembamba, umepita kwenye tundu la chuma bila pete ya mpira, na ngozi yake ilikuwa imeliwa. Alikata furushi lote la waya kwa kisu cha jikoni, akalifunga ndani ya kitenge, akalipeleka kwa Papa Dominique, mzee aliyekuwa akitengeneza dinamo za magari kule Tshopo, mojawapo ya komuni za mji.

Mzee aliunyoosha waya juu ya magoti yake, akaupapasa kwa kidole gumba hadi kwenye lile jeraha. Alimweleza kwamba barabara ilitikisa, chuma kikala ngozi, waya ukagusa bodi ya gari, fyuzi ikakatika. Ndivyo fyuzi inavyotakiwa kufanya. Kosa ni kwamba ilikuwa moja kwa taa zote.

"Kama kila taa ilikuwa na fyuzi yake, bwana yako angebakia na jicho moja," Papa Dominique alisema. "Jicho moja linatosha kuona daraja."

Fortunée alimfuata Ruphin na kumuuliza vile vifaa vingine viko wapi. Ruphin alimjibu mbele ya mafundi wake kwamba alipewa rele moja na fyuzi moja, na kwamba mjane akiwa na uchungu anaota mambo. Mafundi wakacheka. Kuanzia hapo Fortunée hakutafuta tena mtu wa kumsikiliza. Aliuza meza yake ya sokoni, akarudi kwa Papa Dominique, akamwomba amfundishe kazi.

Mzee alimuuliza kwa nini. Hakumficha. Alisema anataka kumwondolea Ruphin kila shofere aliye naye, mmoja baada ya mwingine, mpaka garaji yake iote majani, kisha anataka amsikie akisema ukweli kwa kinywa chake. Papa Dominique akamwonyesha mahali pa kuketi.

Alijifunza mwaka mmoja na nusu. Alijua kupima umeme betrini na tena kwenye balbu, na kuona kwa macho yake ni kiasi gani kimepotea njiani. Alijua kutia risasi ya kuyeyushwa kwenye viungo vya waya, na kukwangua rangi hadi chuma kitupu kabla ya kufunga waya wa ardhi. Kisha akakodi kibanda Mangobo, ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na garaji ya Ruphin. Ruphin alidhani ni mzaha.

Fortunée hakumsema vibaya. Alimfungulia kila shofere boneti, akampa kipimo ashike mwenyewe, akamwambia asome namba. Betrini volti ishirini na nne, kwenye balbu kumi na tisa. Alipomaliza kazi, shofere alisoma tena: ishirini na tatu na kitu. Taa zikawa nyeupe, na kila taa na fyuzi yake. Wale wa njia ya Buta wakaja, wakafuata wale wa Bafwasende. Kila gari lilipogeuza usukani kutoka upande wa Ruphin likaja upande wake, Fortunée alihisi utamu kooni, kama mtu anayenyonya muwa. Nyumbani alikaa na utamu ule peke yake, na haukumtosha.

Asubuhi moja ya Jumamosi akaja Jérémie, rafiki wa zamani wa Fadhili, na lori ambalo taa zake zilikuwa zikizimika na kuwaka. Fortunée alifungua boneti. Rele ilikuwa imeegemea upande, imefunikwa vumbi jekundu. Aliipangusa kwa kidole. F.

Aliiacha mahali pake. Alimuuliza Jérémie nani aliyeifunga, na lini. Jérémie alikumbuka vizuri: ni Ruphin, wiki ileile aliyotengeneza lori la Fadhili. Fortunée alinawa mikono kwa sabuni, akaikausha, akamwomba avushe lori hadi upande wa pili.

Mashofere wasiopungua ishirini walikuwa pale, maana Jumamosi ndiyo siku ya kupanga safari. Fortunée aliweka chini, mbele ya Ruphin, lile furushi la waya la Fadhili na rele yake yenye herufi nyekundu. Kisha akaonyesha boneti ya Jérémie.

"Papa Ruphin, fungula wewe mwenyewe. Soma yenye iko mule."

Ruphin alifungua. Alisimama ameinama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma herufi moja. Jérémie alisogea, akatazama, akarudi nyuma, na akawaeleza wenzake. Wote walijua verni ya Fortunée, kila mmoja wao alikuwa amewahi kununua kwake, na vyao vilikuwa na nukta, si F.

"Ulinipatia mbili," Ruphin alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Bon, moja niliifunga hapa. Na zile fyuzi pia."

"Na pombe?"

"Sikumuonaka na pombe."

"Sema tena, batu bote basikie."

Alisema tena. Na Fortunée hakumwachia hapo. Alimpandisha kwenye lori la Jérémie, mashofere watano nyuma yao kama mashahidi, hadi kwa Mama Zaina, katika komuni inayoitwa Kisangani kama mji wenyewe, na Ruphin akasema mara ya tatu, amesimama uani juani, bila kupewa kiti. Mama Zaina alijifunika uso kwa mtandio. Aliponyoosha mkono kumtafuta mkwewe, Fortunée aliushika, akaubusu kwa heshima, akaurudisha. Hakuingia ndani.

Njiani kurudi Ruphin alimuuliza kama sasa yamekwisha. Fortunée alimwambia hapana.

Garaji ilifungwa kabla ya mwezi kuisha. Hakuna shofere aliyempa tena Ruphin hata balbu abadilishe. Mama Zaina alianza kutuma chakula kibandani kila Ijumaa, na Fortunée alikila, akarudisha sahani zimeoshwa. Kazi ikawa nyingi kiasi kwamba aliongeza kibanda cha pili.

Miezi minne ikapita, akasikia kwamba Ruphin amevuka mto, amefungua mahali padogo Lubunga, na kwamba mashofere wa njia ya Opala, ambao hawamjui, wameanza kumwendea. Papa Dominique alimwambia amwache, mtu yule amekwisha. Fortunée alimsikiliza hadi mwisho, kwa adabu, akamtilia chai.

Jumatatu alivua ovaroli, akavaa kitenge kizuri, akashuka kivukoni, akapanda pirogi ya injini kwenda Lubunga. Alitaka kuona kama kuna kibanda cha kupanga, karibu na barabara, upande unaotazamana na mahali pa Ruphin.