Bucha ya Kiarabu Darasani

Siku yangu ya kwanza kufundisha Kiarabu, pale Makutano, Meru, nilivaa suruali iliyopigwa pasi hadi ingekata nyanya. Mwalimu mkuu alinitazama akasema, "Mwalimu, hapa Kiarabu ni kukariri. Michezo peleka kwenu Muthara."

Basi tukakariri. Watoto walipaza sauti, nadhani hata kule mbali Kiambere walisikia. Lakini mwambie mmoja aombe maji kwa Kiarabu, anakutolea macho tu.

Shahada yangu niliipata kwa masomo ya jioni, na huko ndiko nilikosikia habari za mbinu ya mawasiliano: lugha hujifunzwa kwa kutumiwa, na somo huanzia kwa kile mwanafunzi anachokijua. Wangu walijua nini? Nusu yao walikuwa watoto wa wenye bucha! Meza ikawa kaunta, nyama tukaichora kwenye makaratasi.

Tulikuwa katikati ya biashara mkaguzi wa shule alipoingia, mzee wa Pwani aliyekijua Kiarabu hasa. Ripoti yake ndiyo ingeamua kama nitathibitishwa kazini au nitarudi kulima. Mwalimu mkuu akaninong'oneza, "Funga hii bucha, wewe!"

Nilichelewa. Mkaguzi alishafika kaunta, akaagiza kwa Kiarabu nyama isiyo na mfupa.

Zainabu, muuzaji wetu wa miaka kumi na miwili, akamjibu kwa Kiarabu hichohicho: "Mzee, hapa nyama haiuzwi bila mfupa. Na foleni inaanzia kule."

Mkaguzi akaenda nyuma ya foleni! Zamu yake ilipofika wakabishana vikali. Zainabu alikosea vitenzi, na kila kosa lilinichoma kama kaa la moto. Wataalamu wa isimu husema makosa ya mwanafunzi ni dalili kwamba anajenga lugha kichwani, usimkate kauli. Niliuma ulimi karibu niumeze.

"Mbona hukumsahihisha?" mkaguzi akaniuliza baadaye.

"Nilimngoja amalize kukuuzia, bwana."

Akacheka hadi miwani ikaanguka. "Na ameniuzia, na mfupa juu!" Akaandika: athibitishwe.

"Mimi nilimwambia tangu mwanzo," mwalimu mkuu akadakia, "kukariri peke yake hakutoshi!"

Nilishusha pumzi ya muhula mzima.

Baadaye nilihamishiwa Embu, nikafundisha huko hadi nikastaafu. Walimu vijana huniuliza kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ipi. Nawaambia: kunyamaza, mtoto anapolitafuta neno, nawe unalo mdomoni.