Nilivyojiozesha Cheyo

Enzi zile za vijiji vya ujamaa nilihamishiwa Tabora, karani kijana, na baada ya usiku wa kwanza kwenye benchi la stesheni nikaapa kwamba sitalala tena pale. Mtaa wa Cheyo nikapata chumba cha bei nafuu, ila mwenye nyumba, Bi Zuhura, hakuwapangisha makapera.

“Shikamoo mama. Mke wangu yuko Kwihara, anakuja kesho kutwa,” nikadanganya bila kupepesa macho.

“Marahaba. Kwihara kwa nani?”

Nikamtaja Mzee Kasele, muuza asali wa Kwihara niliyekutana naye kwenye treni. “Nimemwoa binti yake,” nikaongeza kwa madaha, bwege mimi.

Bi Zuhura akanitazama weee. “Kasele ni kaka yangu. Ana binti mmoja tu.”

Akageukia uani, akaita: “Mwajuma! Acha kupepeta, njoo umsalimie mumeo!”